Shule Iliyofuata Walimaji Mu Mashamba



Mara nyingi tunasikia mutu akisema hivi: "Walimaji ni watu wasiotaka kusikia. Unawapa shauri nzuri, wanaitika ndiyo, kisha wanarudi kulima sawa zamani." Je, neno hilo ni la kweli? Mwezi huu tuangalie mahali pamoja ambapo watu walipambana na ulizo hilo kwa miaka mingi: majimbo ya Kusini ya Marekani, kuanzia mwaka 1892 mpaka karibu 1923. Kule kulikuwa waalimu wenye akili na moyo mwema, kulikuwa pia walimaji wasioogopa kazi. Hata hivyo njaa na deni havikutoka nyumbani mwa watu. Tutafute sababu, tena tuone wale waalimu walifanya nini.

PAMBA MPAKA KARIBU NA MULANGO

Utumwa uliisha Marekani mwaka 1865. Watu weusi karibu milioni 4 wakapata uhuru, lakini hawakupewa udongo. Mashamba yakabaki mukononi mwa mabwana wa zamani. Basi wakafanya mapatano. Mwenye shamba anatoa udongo, nyumba ndogo, mbegu na nyumbu, yule munyama anayezaliwa na punda na farasi. Mulimaji anatoa mikono yake, ya bibi yake na ya watoto. Wakati wa mavuno wanagawanya nusu kwa nusu. Wazungu maskini wengi nao waliishi namna hiyo.

Kwa kusikia tu, mapatano haya yanaonekana kuwa ya haki. Lakini mulimaji alipaswa kula mbele ya pamba kukomaa. Alikwenda kwa mwenye duka, akapewa unga wa mahindi, nyama ya nguruwe yenye chumvi, na nguo, vyote kwa deni lenye faida kubwa juu yake. Rehani, ni kusema kitu cha kuhakikisha deni lile, ilikuwa pamba ambayo haijaota bado. Mwisho wa mwaka kitabu cha madeni kinafunguliwa. Mulimaji asiyejua kusoma hawezi kujua kama hesabu ni ya kweli. Na yule anayejua, mara nyingi aliogopa kubisha, maana kubisha kungeweza kumuletea mapigo, hata kifo. Akiambiwa kwamba deni halijaisha, anaanza mwaka mupya akiwa amekwisha kufungwa.

Sasa angalieni vizuri. Mwenye duka alikubali rehani gani? Pamba. Pamba inauzwa kwa feza, na mwenye kuilima hawezi kuila. Kwa hiyo familia nyingi zilipanda pamba mpaka karibu na mulango wa nyumba, bila kubakiza nafasi ya bustani ya mboga. Mutu anashika jembe mwaka muzima, halafu anakwenda kununua chakula dukani! Udongo nao ulichoka. Pamba mwaka huu, pamba mwaka ujao, pamba miaka 20 pahali palepale: mvua ikabeba udongo wa juu, na mavuno yakapunguka.

KWANZA KUULIZA

Mu jimbo la Alabama kulikuwa shule moja ya watu weusi, jina lake Tuskegee. Ilianzishwa mwaka 1881, na mukubwa wake alikuwa Booker T. Washington, aliyezaliwa mutumwa kule Virginia. Yeye mwenyewe alisoma kwenye shule ya Hampton. Wasomaji wetu wa Kasai wajue kwamba shule ileile ya Hampton ilifundisha pia William Sheppard, mumisionere mweusi aliyefika Luebo mwaka 1891.

Mu mwezi wa pili wa mwaka 1892, Washington aliita walimaji waje Tuskegee kwa siku moja. Hakuwaita wakubwa, aliita watu wa shamba wenyewe, na walikuja kupita hesabu aliyoita. Hakuanza na kuwafundisha. Alianza na kuwauliza: Munaishi namna gani? Nani ana udongo wake? Nani amekwisha kuweka pamba yake rehani? Shule ya watoto inafanya kazi miezi mingapi? Walimaji wakajibu bila kuficha: nyumba za chumba kimoja, deni kila mwaka, shule ya miezi michache tu. Tangu siku ile mukutano ukawa wa kila mwaka.

Mwaka 1896 Washington akamwita George Washington Carver, mutaalamu wa mimea aliyemaliza masomo yake mu jimbo la Iowa. Carver naye alizaliwa mu utumwa, kule Missouri. Alipewa shamba ndogo la majaribio, lenye udongo uliochoka sana. Na yeye akajiuliza: mulimaji asiye na feza anaweza kufanya nini na vitu vilivyo karibu naye?

Jibu lake lilikuwa hivi. Mbolea ya dukani ni bei kali, lakini mu pori kuko majani yaliyooza, na mu mabonde kuko matope meusi. Yakusanye, uyaweke mu shamba. Usipande pamba kila mwaka pahali pamoja, badilisha: panda kunde, panda karanga. Mimea hii ina vifundo vidogo mu mizizi. Ndani ya vile vifundo munaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokamata azoti ya hewa, na udongo unapata nguvu tena. Wakati uleule nyumba inapata chakula chenye kujenga mwili. Panda na viazi vitamu, maana vinazaa sana hata kwenye udongo zaifu. Juu ya kilima lima kwa kukinga mutelemko, kusudi mvua isiubebe udongo.

Carver aliandika mafundisho haya mu vitabu vidogo, kwa maneno mepesi. Kile cha mwaka 1916 kilieleza namna ya kulima karanga na njia 105 za kuitayarisha kwa kula. Hapa turekebishe neno moja linalorudiwa mara nyingi, hata kanisani: Carver hakuvumbua siagi ya karanga. Watu walisaga karanga tangu zamani, mbele yake. Na vitu vingi kati ya vile alivyotengeneza kwa karanga havikufika sokoni. Sifa yake iko pengine: alimutazama mulimaji maskini akamupa shauri lisiloomba feza.

Karanga yenyewe ina safari ndefu. Ilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Afrika, na kutoka Afrika ikavuka bahari tena mu meli za watumwa mpaka Marekani. Mu majimbo ya Kusini watu wanaiita pia goober. Neno hilo ni letu: linatoka kwa nguba, jina la karanga mu Kikongo na Kimbundu. Watumwa walinyanganywa vyote, lakini jina la chakula chao likabaki.

NYUMBU WAWILI NA GARI MOJA

Kulibaki shida kubwa. Mulimaji asiyejua kusoma atafanya nini na kitabu? Na yule mwenye kukaa mbali atafika Tuskegee lini? Basi mwaka 1906 wakaamua kwamba, kama mulimaji hawezi kwenda shuleni, shule yenyewe itamufuata. Carver akachora gari, wanafunzi wakalitengeneza. Morris K. Jesup, tajiri wa New York, alisaidia kwa feza, na gari likaitwa Jesup Wagon. Lilivutwa na nyumbu. Ndani yake mulikuwa jembe la kukokota, mbegu, mbolea, vyombo vya maziwa na siagi, na picha za kuonyesha.

Mu mwezi wa 11 mwaka uleule, kijana Thomas Monroe Campbell, mwanafunzi wa Tuskegee aliyetoka Georgia, akapewa kazi ya kuongoza gari lile. Alikuwa mutu mweusi wa kwanza kupata kazi ya namna hiyo kwa serikali ya Marekani. Alifika kwenye shamba la mutu, akaita majirani, kisha wakafanya kazi pamoja: kulima kwa kina, kuchagua mbegu, kutengeneza zizi la nguruwe. Baadaye alirudi kuangalia. Mutu hakuambiwa tu habari ya mbegu nzuri. Aliiona ikiota kwa jirani yake, mu udongo sawa na wake.

Mbele kidogo, mu Texas, mzee mumoja jina lake Seaman Knapp alifika kwenye wazo lilelile kwa njia ingine. Mwaka 1903, karibu na muji wa Terrell, alimuomba mulimaji mumoja, Walter Porter, alime sehemu ya shamba lake kwa kufuata mafundisho. Porter aliweza kuogopa: na mavuno yakianguka, nani atalisha watoto wangu? Basi wenye biashara wa muji wakaweka feza pembeni, kusudi akipata hasara wamulipe. Mwisho wa mwaka haikuwa lazima kumulipa kitu. Porter alisema kwamba alipata karibu dola 700 kupita vile angepata kwa njia yake ya zamani. Jambo lile likasikika, na serikali ikaanza kutuma wafundishaji kila pahali.

Tusisahau feza ile iliyowekwa pembeni. Tutaona kwamba ndiyo iliyobeba jambo lote.

KIDUDU KILICHOLETA MABADILIKO

Sababu gani watu wa Texas walikuwa na haraka vile? Kuko kidudu kidogo, urefu wake kama milimeta 6, chenye pua ndefu. Kilitoka Mexico na kuvuka mupaka karibu mwaka 1892. Kinatoboa ua la pamba lisilofunguka, kinataga yai ndani, na mutoto wake anakula kutoka ndani mpaka ua linaanguka. Kila mwaka kilisogea mbele. Knapp alifundisha namna ya kupunguza hasara: kupanda mapema mbegu inayokomaa upesi, kupalilia mara nyingi, kuokota maua yaliyoanguka na kuyachoma, na kuharibu vijiti vya zamani kisha kuvuna.

Mwaka 1915 kidudu kile kikafika wilaya ya Coffee, mu Alabama. Pamba ikaharibika. Kwa miaka mingi walimaji wa pale waliambiwa: lime vitu vingine. Hawakubadilika. Lakini mwaka 1916 mufanyabiashara mumoja wa muji wa Enterprise, H. M. Sessions, akamuendea mulimaji mwenye deni, C. W. Baston, akamusaidia kupanda karanga pahali pa pamba. Mavuno yalikuwa mazuri, Baston akalipa deni lake. Majirani wakaona. Mwaka uliofuata, 1917, wilaya nzima ikajaa karanga. Tarehe 11 ya mwezi wa 12 mwaka 1919, watu wa Enterprise wakasimamisha sanamu katikati ya muji kwa ukumbusho wa kile kidudu kilichowalazimisha kuacha pamba! Ni sanamu ya mwanamuke aliyeinua mikono. Kidudu chenyewe kiliwekwa juu ya mikono yake mwaka 1949 tu.

Wasomaji wapenzi, turudi sasa kwa ulizo letu la kwanza. Wale walimaji walikuwa na kichwa ngumu? Kama walikuwa nacho, namna gani waligeuka mu mwaka moja au miwili tu? Udongo ulikuwa uleule, watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kutoa deni alikubali karanga. Mbele ya pale, mulimaji kupanda karanga ilikuwa kukosa mukopo, na kukosa mukopo ilikuwa kukosa unga.

WATOTO WANAWATANGULIA WAZAZI

Kuko njia ingine waliyoipata, na hii inawaangalia ninyi vijana. Wafundishaji waliona kwamba baba anaogopa kujaribu kitu kipya juu ya shamba lote, lakini anaweza kumupa mutoto sehemu ndogo. Basi wakaanzisha makundi ya vijana wa mahindi. Kila kijana alipewa acre moja, ni kusema pungufu kidogo ya nusu ya hekta. Mwaka 1910 kijana Jerry Moore wa South Carolina, mwenye miaka 15, alivuna mahindi karibu tani 6 juu ya acre moja. Mavuno ya kawaida ya jimbo lake yalikuwa madogo mara nyingi kuliko hayo.

Mwaka uleule, mu wilaya ya Aiken mu South Carolina, mwalimu Marie Cromer akauliza: na wasichana je? Akakusanya wasichana 47. Kila mumoja akalima nyanya mu kipande kidogo, kama metre 20 kwa 20, na wakajifunza kuzifunga mu mikebe kusudi zisioze. Msichana mumoja alijaza mikebe 512 na akapata faida ya dola 40. Mu nyumba ambamo baba alipokea feza mara moja tu kwa mwaka, na mara ingine hakupokea kitu, dola 40 za msichana hazikuwa jambo la kuchekelea. Tena zilikuwa zake, hazikuandikwa mu kitabu cha mwenye duka.

SHERIA NZURI, MUGAWANYO MUBAYA

Tarehe 8 ya mwezi wa tano mwaka 1914, Marekani ikafanya sheria ya kulipa wafundishaji wa kilimo mu inchi nzima, kwa feza ya serikali kuu pamoja na ya majimbo. Ilikuwa jambo kubwa, na kazi ile inaendelea mpaka leo. Lakini sheria iliacha kila jimbo lichague shule ya kushika feza. Mu majimbo ya Kusini wakubwa walichagua shule za wazungu. Wafundishaji weusi wakawa wachache, wakalipwa kidogo, na kila mumoja akawa na watu wengi mno wa kutembelea.

Shauri lenyewe nalo lilifika mwisho wa nguvu yake. Mwaka 1920 kulikuwa Marekani walimaji weusi zaidi ya 900,000, lakini wenye udongo wao wenyewe hawakufika hata robo. Mwalimu anaweza kusema: lima kunde, utajirishe udongo. Mulimaji anajibu mu moyo wake: udongo ni wa nani? Nikiutajirisha, mwaka ujao mwenyewe ataniondoa na kumupa mwingine. Anaambiwa: fuga nguruwe, tengeneza bustani. Wengi walifanya hivyo, na watoto wakala vizuri zaidi. Anaambiwa: acha pamba. Hapo hakuwa na ruhusa. Kwa hiyo, kuanzia karibu mwaka 1916, maelfu na maelfu waliondoka kwenda kufanya kazi mu viwanda vya Chicago na Detroit. Hawakukimbia jembe, walikimbia kitabu cha madeni na mapigo.

Hata hivyo wale waliobaki hawakuidharau shule ya gari. Mwaka 1923 gari la kwanza la motere lilipokuwa limezeeka, walimaji weusi wa Alabama wenyewe walichanga feza, mutu senti chache, na kununua gari lingine kubwa. Ndani yake mulikuwa mwalimu wa kilimo, mwanamuke wa kufundisha mambo ya nyumba, na muuguzi. Watu wanaosemwa kwamba hawataki kusikia hawawezi kuchanga feza yao ya jasho kwa kumununulia mwalimu gari.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, mutu akija na shauri la kilimo, kama ni agronomu, kama ni kijana aliyetoka masomoni, kama ni sisi wachungaji, tumupime kwa maulizo matatu. Je, ameuliza mbele ya kusema, sawa vile Washington mwaka 1892? Je, shauri lake linaanza na vitu vilivyo mukononi mwa mulimaji, sawa matope na majani ya Carver? Na kama mavuno yakianguka, nani atabeba hasara? Terrell waliweka feza pembeni, Enterprise wakatoa mukopo, na watu wakasogea. Pahali ambapo mulimaji alibebeshwa hasara yote peke yake, alibaki pale alipokuwa, na kubaki kwake kulikuwa akili, hakukuwa ujinga.

Na sisi wenye kulima, tuandike hesabu zetu wenyewe. Mutoto anayejua kusoma aandike mu kaye kila kitu baba na mama wanachokopa, tarehe na bei. Mu Alabama watu wengi walipoteza mwaka muzima wa kazi kwa sababu kalamu ilikuwa upande moja tu.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Mu shamba letu, ni mumea gani tunaoupanda kila mwaka pahali palepale? Tunaweza kuubadilisha na kunde ao karanga?

2. Udongo tunaolima ni wa nani, na mapatano yetu naye yameandikwa wapi?

3. Wazazi, munaweza kumupa kila mutoto mukubwa kipande cha metre 20 kwa 20, na mavuno yakawa yake kweli?